Karatasi iliyolala kabatini wiki tano: kisa cha kansere ya ulimi Bukavu

Kabla ya kuanza

Mama anayesimuliwa hapa amekubali, na watoto wake pia. Nimeondoa jina, mtaa, na majina ya hospitali ambako mambo hayakwenda sawa. Vitu vidogo ambavyo jirani angevitambua nimevibadilisha. Nitamwita Koko, kama wajukuu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanavyomwita bibi yao. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya na sikuwa daktari wake (ingawa mtaani kila anayevaa koti jeupe ni docta). Niliingia katika kisa hiki kwa ujirani, ndiyo maana niliona mambo ambayo faili la hospitali haliandiki.

Koko na kidonda chake

Ana miaka 58. Ameuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, tangu kabla watoto wake hawajazaliwa: alfajiri anawapokea mitumbwi inaporudi, mchana yuko sokoni anawapima kwa kopo. Hakuwahi kuhitaji kibao, sauti yake ilitosha. Alivuta kiko tangu alipokuwa msichana kijijini, na Jumapili jioni alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja na wenzake. Tumbaku peke yake huongeza hatari ya kansere ya mdomo, pombe vilevile, na zikikutana kwa mtu mmoja hatari hupanda kuliko kila moja ingefanya peke yake. Naandika hili kwa sababu daktari wa kwanza alipaswa kumuuliza na hakumuuliza.

Kidonda kilianzia upande wa kushoto wa ulimi, mkabala na gego lililovunjika. Kilikuwa kama punje ya harage, cheupe pembeni, chekundu katikati. Koko alidhani jino ndilo linalomkwaruza, na mtu yeyote angedhani hivyo. Alisukutua maji ya chumvi. Alinunua amoksisilini famasi, akamaliza dozi, akanunua nyingine. Mwezi wa pili maumivu yakaanza kupanda hadi kwenye sikio la kushoto, naye akaanza kutafuta dawa ya sikio.

Mwezi wa tatu ndugu wakasema ni karuho. Msomaji asiye wa Kivu aelewe kwamba kwetu ugonjwa unaomkondesha mtu polepole bila jina hupewa jina hilo, sumu ya kutegewa, na wapo wanaojulikana kwa kuitoa. Koko alipelekwa kwa mmoja wao. Alinyweshwa majani, akatapika siku mbili, akarudi na kidonda kilekile na jina la jirani wa kushukiwa. Jirani huyo hadi leo hasalimiani na familia, na hiyo nayo ni hasara ya kisa hiki.

Mwezi wa nne meno yalimpeleka kwa mng'oa meno, gego likatoka. Kidonda hakikutoka. Aliporudi baada ya wiki mbili, mng'oa meno alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu mwanzo: alivaa glavu, akakibonyeza kwa kidole. Kilikuwa kigumu kama kishina cha kabichi. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Kanyama na karatasi

Hospitali walikata kipande kidogo cha kidonda, wakakitia kwenye chupa ya formalini na kukipeleka kupimwa. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu, kwa Kifaransa, kurasa mbili. Yalisema karsinoma ya seli bapa, inayopenya ndani. Hiyo ndiyo aina ya kansere inayopatikana kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika 10 wa kansere ya mdomo.

Daktari alimwita mtoto mkubwa wa kiume peke yake. Alimwambia jina la ugonjwa, akamwambia pia: "Usimwambie mama, presha yake itapanda." Koko ana presha kweli. Mtoto alirudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba ni infeksyo mbaya ya ulimi na dawa zinatafutwa. Karatasi akaifungia kabatini chini ya hati za parseli, kiwanja cha familia.

Wiki tano zikapita. Sitaki msomaji amwone kijana huyu kama mkatili. Wakati huo alikuwa akizunguka kutafuta pesa: alichukua mapema zamu yake ya likelemba (mchango wa kupokezana), akakopa kwa bosi wake, akazungumza na komisioneri (dalali) mmoja aliyeahidi kumpeleka mama India iwapo parseli itauzwa. Alikuwa anakimbia. Tatizo ni kwamba alikimbia peke yake na swali ambalo hakulijua vizuri, huku mwenye ulimi amekaa nyumbani akiukausha kwa maji ya chumvi.

Dada yake ndiye aliyenifuata. "Yaya anaficha kitu," alisema, maana yake kaka yake mkubwa. "Anatuomba pesa, hasemi za nini." Nilimwambia sitasoma karatasi ya mtu bila mwenyewe kuwapo. Tulikubaliana tukutane kwa Koko Jumapili baada ya misa, mtoto mkubwa akiwapo.

Jumapili ile

Nilijiandaa kumwambia taratibu, kama tulivyofundishwa. Sikupata nafasi. Koko alitutazama mmoja mmoja, akasema kwa ulimi ambao tayari ulikuwa mzito:

"Nilikuwa najua. Kama ni infeksyo tu, juu ya nini walikata kanyama kangu wakakapeleka mbali?"

Kijana alianza kulia. Mama yake akamwambia aache, alete karatasi. Nilimsomea Kifaransa, kisha Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye neno lenyewe nilisema kansere, kwa sababu ndilo neno la Bukavu. "Saratani" lingemfanya aulize ni ugonjwa gani mpya tena. Presha nilimpima kabla na baada. Ya baada haikuwa juu kuliko ya kabla. Ni mtu mmoja tu, siwezi kujenga kanuni juu yake, lakini nimeona niiandike.

Swali lake la kwanza halikuwa kama atakufa. Aliuliza kama ataweza kuita wateja.

Tulinunua kaye, yaani daftari, ya kurasa 48 dukani pembeni. Binti akaandika, mama akatoa maswali, wengine tukaongeza. Yalifika kumi na kitu, tukayapanga yakawa saba: ugonjwa umefika wapi, unaponyeka au unapunguzwa tu, watakata kiasi gani cha ulimi, nitasema na kula vipi baadaye, nani anayejua kazi hii na yuko wapi, tukichelewa mwezi mmoja inakuwaje, na jumla ya gharama pamoja na chakula na pa kulala. Swali la mwisho Koko mwenyewe alisisitiza. Kwa miaka thelathini amejua kwamba bei ya sambaza bila bei ya gari si bei.

Kupata majibu: mara mbili

Mara ya kwanza tulishindwa. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, tukaingia saa saba mchana. Daktari alizungumza Kifaransa na mtoto mkubwa, macho yake kwa mtoto mkubwa, Koko ameketi kwenye kiti kama mzigo ulioletwa. Binti alipofungua kaye, daktari alitazama saa. Tulitoka na ordonansi ya dawa za maumivu na maneno "tutaona."

Nikiwa njiani nilijilaumu. Maswali saba kwa daktari mwenye wagonjwa arobaini nje ya mlango ni mengi. Na tulimpa nafasi ya kuzungumza na mtu asiyefaa.

Mara ya pili tulibadilisha mambo mawili. Binti alinakili maswali matatu tu kwenye karatasi moja, herufi kubwa, kwa Kifaransa, akampa muuguzi wa mlangoni aiweke juu ya faili kabla hatujaingia. Na Koko alikaa kwenye kiti kilicho karibu na meza, watoto nyuma. Yeye ndiye aliyeanza: "Docta, shikamoo. Mimi ndiye mgonjwa. Karatasi wamenisomea."

Daktari akanyamaza kidogo, kisha akageuza kiti. Akahamia Kiswahili. Akampapasa shingo, akaonyesha watoto mahali ambapo tezi mbili zilikuwa zimevimba chini ya taya. Kuhusu ulimi alisema wazi: "Mimi nakata matumbo na ngiri. Ulimi na shingo sifanyi. Nikifanya, nitakuharibia." Katika kisa kizima hilo ndilo jibu lililotusaidia zaidi. Mpasuaji anayekubali mpaka wa mkono wake ameokoa miezi ya mgonjwa. Akaongeza kwamba kidonda cha namna hii kinaweza bado kutibiwa kwa nia ya kupona, na kwamba kungoja mwezi mwingine ni hatari. Akaandika rufaa.

Wapi, na kwa nini

Njia zilikuwa tatu mezani. India: komisioneri alitaja bei ya upasuaji peke yake. Alipoulizwa swali la saba, la chakula na pa kulala, hakuwa na jibu, na hakuna aliyeweza kumwambia Koko jina la daktari atakayempokea. Kinshasa: barabara ya kutoka Bukavu mgonjwa haiwezi, ni ndege kwenda na ndege kurudi, kwa watu wawili, pengine mara kadhaa. Kigali: kuvuka mto Ruzizi wa mpakani kwa lesepase (kibali cha kupita), basi kutoka Kamembe upande wa Rwanda kupitia msitu wa Nyungwe, siku moja umefika. Binamu yao anaishi huko.

Kilichoamua ni mionzi. Daktari alikuwa amewaambia kwamba tezi zikiwa na ugonjwa, upasuaji hautatosha. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kituo cha kansere kilifunguliwa mwaka 2012 na kilitajwa pia, lakini mashine za mionzi ziko Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe, Kigali, zinazofanya kazi tangu 2019. Upasuaji na mionzi katika mji mmoja, kwa ndugu mmoja. Parseli haikuuzwa. Walitumia likelemba, mkopo wa bosi, mchango wa wanawake wa soko (waliochanga kwa kopo: kila mmoja faida ya makopo matano kwa wiki) na deni ambalo bado wanalilipa.

Mtoto mkubwa ndiye aliyekuwa mgumu kuachana na India. Alikuwa ameshaahidi. Mama yake akamwambia: "Mwanangu, uliahidi mimi sijaulizwa."

Hatua ya 4

Hospitali ya Kigali iliyompasua ilitoa kipande cha ulimi upande wa kushoto, pungufu ya nusu, na kusafisha tezi za shingo upande huohuo. Siku kumi na moja wodini, chakula kwa mpira wa puani. Hadi hapo hakuna la kulalamikia.

Majibu ya kilichokatwa yalitoka kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani. Mfanyakazi mmoja, akipita koridoni, alimwambia binti: ni hatua ya 4. Binti akapiga simu Bukavu. Jioni ile nyumbani walianza kuzungumza juu ya kumrudisha Koko afie kwake. Shangazi mmoja alishaanza kutafuta gari.

Nililiona hili linakuja na sikuwaandaa, kosa hilo ni langu. Kwa kansere nyingi ambazo watu wamezisikia, hatua ya 4 ina maana ugonjwa umesambaa mapafuni, kwenye ini, kwenye mifupa. Kwa mdomo hesabu ni nyingine. Kidonda cha Koko kilikuwa kati ya sentimeta 2 na 4. Tezi mbili za upande uleule zilikuwa na ugonjwa, zote ndogo, na ganda lake halijapasuka. Skana ya kifua haikuonyesha kitu. Tezi zaidi ya moja upande uleule zinatosha kuupandisha ugonjwa hadi hatua ya 4, sehemu A, hata kama haujatoka shingoni. Sehemu C ndiyo ile iliyokwenda mbali. Wagonjwa wa 4A hutibiwa kwa nia ya kupona, ingawa hatari ya kurudi ni kubwa kuliko ya hatua ya 1, na hilo halifichwi.

Nilimwomba binti apige picha kila ukurasa, anitumie kwa WhatsApp. Nilitumia usiku mzima na kamusi na rafiki mmoja anayejua Kiingereza. Asubuhi binti alirudi kwa mpasuaji na swali moja tu: "Ni 4 gani?" Mpasuaji alichukua karatasi, akachora ulimi, shingo na mapafu, akatia alama mbili shingoni na sifuri kwenye mapafu. Mchoro huo upo ndani ya kaye. Gari la shangazi likarudishwa.

Wiki sita za Kanombe

Mionzi ilikuwa mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya kuanza, meno mawili mabovu ya chini yaling'olewa na fizi zikaachwa zipone wiki mbili, maana jino likitolewa baada ya mionzi mfupa wa taya unaweza kukosa kupona kabisa. Familia ilichukia kucheleweshwa. Nilielewa chuki yao, lakini wiki hizo mbili ni za lazima.

Wiki ya nne mdomo wote ulikuwa mwekundu na kuchubuka ndani. Koko alikuwa ameshuka kutoka kilo 61 hadi 52. Aliacha uji. Aliandikiwa mofini ya kunywa, binti akaificha, kwa sababu Bukavu mofini inajulikana kama dawa ya anayeaga. Siku tatu Koko aliteseka bure. Nilipopigiwa simu sikutoa hotuba, nilimwuliza binti: "Uliona nani amekufa kwa mofini?" Hakuwa ameona. Alikuwa amesikia. Koko alipewa kipimo kidogo saa moja kabla ya kula, na siku hiyo alimaliza kikombe cha uji wa masoso, ule unga wa mahindi, soya na mtama, uliolainishwa kwa maziwa.

Siku ya 22 alikataa kwenda. Aliyemrudisha si daktari, si mimi. Ni mwanamke mwenzake wa koridoni, aliyetibiwa koo na kumaliza mwaka uliotangulia, aliyekuja kwa uchunguzi. Alifungua mdomo wake, akamwonyesha. Hakusema mengi. Koko aliniambia baadaye: "Niliona ulimi wa mtu mzima mwenye kula." Kesho yake alirudi mashineni. Kama kituo chochote Kivu kitataka kusaidia wagonjwa hawa kwa gharama ndogo, kianze hapo, kwa kuwakutanisha na waliomaliza. Nauli ya pikipiki na benchi la kukalia vinatosha.

Yalipofikia

Miezi kumi na minne imepita tangu mionzi iishe. Kwenye uchunguzi wa karibuni hapakuonekana dalili ya ugonjwa kurudi. Ziara mojawapo ilichelewa wiki nne kwa sababu za usalama tunazozijua sote. Uzito ni kilo 57. Kiko kimeachwa. Kasiksi nayo, si kwa uchaji, inamuunguza. Mdomo ni mkavu mchana na usiku, na herufi "r" na "l" zimekuwa kitu kimoja kinywani mwake. Sokoni yeye anapima, binti anaita. Wateja wa zamani wanasema anadanganya bei vilevile.

Nionavyo

Familia husema kilichochelewesha ni umaskini na mpaka. Nimehesabu: kutoka kidonda hadi kipimo cha nyama ni miezi minne na wiki kadhaa, na humo ndani mpaka haukuhusika wala pesa nyingi hazikuhusika. Koko alipita mara nne kwa watu ambao hawakuugusa mdomo wake: famasi mara mbili, mtoa karuho, na kituo kimoja cha afya ambacho sikukitaja juu kwa sababu kilimpa dawa ya sikio na kumruhusu. Ni kituo changu. Mwenzangu wa zamu hakufungua mdomo, kwa kuwa mgonjwa alilalamikia sikio. Tangu hapo tumeandika ukutani kwa kalamu nyekundu: kidonda cha mdomo kilichozidi wiki 2, maumivu ya sikio upande mmoja bila usaha, uvimbe shingoni, vaa glavu, bonyeza.

Wiki tano za kabati ni jambo lingine. Daktari alidhani anamlinda mgonjwa wa presha, mtoto akadhani anamlinda mama. Katika wiki hizo Koko alijua na hakusema, wao walijua na hawakusema, na tezi zilikua. Siamini kwamba kila mgonjwa lazima aambiwe kila kitu kwa siku moja. Naamini aulizwe kwanza: unataka kujua kiasi gani, na nani akae nawe ukisikia? Koko angejibu kwa dakika moja.

Kaye ilifanya kazi, lakini si kwa sababu ya wingi wa maswali. Ilifanya kazi tulipoyapunguza, tukayatanguliza, na mwenye ulimi akayauliza. Kwa upande wa kasoro, tulipaswa tangu mwanzo kumtafuta msomaji wa Kiingereza kabla ya kuvuka Ruzizi, na kuzungumza juu ya mofini tukiwa bado Bukavu, mdomo haujachubuka.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani na kaye ileile. Kurasa zimebaki sita. Alikuwa ameagiza binti aandike swali moja la kupeleka Kigali: mate yangu yatarudi lini? Nilimwambia ninavyojua, kwamba huenda yakarudi kiasi tu, na huenda yasirudi. Alinywa maji kidogo kutoka kwenye chupa anayotembea nayo, akamwambia binti aliache swali hilohilo lilivyo. "Wewe si docta wa mate," aliniambia. "Nitamwuliza mwenyewe."